Mirija ya Waliosema Watarudi

Mwaka wa 1972 nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la tatu, baba akavuka mpaka hapa Malaba kwenda upande wa Tororo kutafuta ng'ombe wa kununua. Hakurudi. Hatukuletewa maiti, hatukuletewa habari, hatukuletewa hata fimbo yake. Alichoacha nyumbani ni mrija wake wa pombe, umechomekwa kwenye mwanzi juu ya meko pamoja na mirija ya wengine. Wazee wakaja kumwambia mama auvunje, mambo yaishe. Mama akasema, "Mrija hauvunjwi mtu akiwa safarini." Kisha akanitoa shule nikaanza kazi. Shida yangu ilianzia hapo. Na ninyi vijana mnaosomea utalii, mnaovaa tai na kuongea Kiingereza cha puani, someni mpaka mwisho muone jinsi mrija huo mmoja ulivyonipoteza nikiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Kwanza wale wasio wa huku waelewe. Sisi Wateso tunakunywa ajon, pombe ya wimbi, tukiwa tumezunguka chungu kimoja. Kila mtu ana mrija wake, mrefu kuliko mtu mwenyewe, na maji ya moto yanaongezwa chunguni kadiri watu wanavyovuta. Mtu akiwa na nyumba anayoizoea, anaacha mrija wake hapo. Kuuacha ni kusema: nitarudi, msinihesabu na waliokufa. Akifa, mwenye nyumba anauvunja. Ndiyo sheria niliyofundishwa, na sikuwahi kujiuliza kama watu wa dunia nyingine wanaijua.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Etyang, fundi wa mirija aliyekuwa na jicho moja bovu na mdomo mzima. Hakuwahi kuniita jina. Aliniita "mtoto wa aliyepotea," mbele ya watu, na watu wakicheka yeye hacheki. Mrija wangu wa kwanza nilimpa mteja akauvuta, makapi ya wimbi yote yakaingia kooni, akakohoa mpaka machozi.

"Etyang, huyu mtoto wako anataka kuniua kabla mke wangu hajaniua!"

"Vuta tena," Etyang akamwambia. "Ukifa, ajue amekosea wapi."

Basi nikajifunza. Fito unazikata mvua ikiwa imeshika, zikiwa bado na maji. Unazinyoosha juu ya jivu la moto, sio juu ya mwali. Uboho wa ndani unautoa kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto. Kazi kubwa ni ncha ya chini, kile kichujio cha kusuka. Ukilegeza, mtu anakunywa makapi. Ukikaza sana, anavuta mpaka mashavu yanamwuma, na kesho anaenda kwa jirani. Ukimaliza unauweka juu ya meko, moshi uufukuze mdudu. Siku hizi naona mnakunywa kwa paipu za plastiki zenye kibati chini. Sawa, pombe inafika. Hata drip hospitalini inafika.

Wazungu sikuwatafuta. Waliletwa na foleni. Zile lori kubwa za watalii zilizotoka Nairobi kwenda Uganda zilikuwa zinafika Malaba asubuhi na kukwama mpaka jua linaelekea kulala. Muhuri huku, muhuri kule, mkubwa ameenda chai, kitabu kimeisha. Watu ishirini, wamekaa kando ya barabara wanaungua jua kama nyanya. Dereva mmoja, Njoroge, alikuwa akipenda ajon kuliko kazi yake. Siku moja akanijia bomani na kundi lote nyuma yake kama vifaranga.

"Mzee," akasema, na wakati huo sikuwa hata mzee, "wape hawa kitu cha kufanya kabla hawajaniua."

Nikawaketisha. Nikawafundisha kusema "Yoga," ndiyo salamu yetu. Nikawafundisha sheria za chungu: mkono wa kushoto haushiki mrija, hupulizi mapovu, huchungulii ndani ya chungu. Wajerumani walitaka kuchungulia, na walitaka kujua maji yamechemka dakika ngapi. Waaustralia hawakuuliza kitu, walivuta tu. Waholanzi walikuwa warefu hata mirija yangu ikaonekana mifupi, ikabidi nikate fito mpya. Wamarekani wa makanisa hawakunywa ila waliimba vizuri, na wakanunua mirija ya kupeleka kwao kutundika ukutani. Siku moja akaja kijana Mwingereza na mke wake na mama mkwe wake. Nikasema haiwezekani, kwetu mkwe na mkwe hawanywi chungu kimoja. Nikamwekea mama chungu chake peke yake, upande ule wa ghala. Yule kijana alinishika mkono kwa mikono miwili, kama nimemponya ugonjwa.

Na wakiondoka, kila mmoja nilimwambia sheria ya mwisho: acha mrija wako hapa, maana utarudi. Njoroge alitafsiri. Walifurahi! Waliandika majina kwa kisu. Wengine walilia. Wote walisema: nitarudi. Nikaipanga mirija yao kwenye mianzi minne juu ya meko, kila nchi na mahali pake.

Hapo ndipo nilipojua habari za dunia bila gazeti. Mrija unaotumika unang'aa, unafutwafutwa na mikono. Usiotumika unavaa masizi. Kila mwaka nilipoongeza mirija mipya ya nchi fulani, fungu lao lilionekana limechangamka. Ikipita mwaka bila mpya, fungu lote linakuwa jeusi. Waingereza walichangamka, wakafifia. Waaustralia wakachukua nafasi. Ubalozi ukilipuliwa Nairobi, mianzi yote minne inakuwa kama imepakwa lami. Wakisikia Ebola imeingia Uganda, hata kama ni mbali kule magharibi, hawaji. Kwao Afrika ni boma moja, mtoto akikohoa chumba cha nyuma wageni wanakimbia mlango wa mbele. Baadaye wakaja Wachina, kwanza wa kujenga barabara, halafu watalii kwa vigari vidogo, wanakunywa kidogo, wanapiga picha sana. Nilikuwa nainua macho juu ya meko na kujua nani anaogopa, nani ana pesa, nani amechoka nasi. Darasa la tatu, bwana. Na wenye digrii walikuwa wananiuliza.

Nilichoshindwa kusoma ni kitu kimoja tu, nacho kilikuwa mbele ya pua yangu. Ile iliyokuwa inang'aa ilikuwa ya wapya. Hakuna mrija mweusi uliowahi kung'aa tena.

Ila mmoja. Mwaustralia, jina lake Piti. Aliacha mrija akiwa kijana mwembamba, akarudi baada ya miaka sita akiwa na tumbo. Akasimama mlangoni akasema kwa Kiswahili cha kukariri, "Mrija wangu uko?" Nikauteremsha. Nikaupangusa masizi, jina lake likaonekana. Yule mtu mzima alikaa chini kwenye mavi ya kuku akalia. Na mimi nililia, nisiwadanganye. Nilimkumbuka mama yangu, aliyekufa na mrija wa baba ukiwa bado unaning'inia. Nikasema moyoni, mama alikuwa sawa. Wanarudi. Inachukua muda tu.

Siku hiyohiyo nikaamua kujenga.

Mke wangu alikuwa Nabwire, Msamia wa Namboboto. Nilimkuta sokoni Busia anauza omena, akaniambia bei, nikamwambia punguza, akaniambia nenda uvue mwenyewe. Nikamwoa. Tulikuwa na shamba la ekari mbili ng'ambo ya reli, na lilikuwa kila kitu kwake. Wimbi wa pombe yangu ulitoka hapo. Mihogo, karanga, maboga, vyote hapo. Mama yangu amelala hapo chini ya mawe matatu, na kando yake Nabwire alikuwa ameacha nafasi bila kulima. Kila mtu hapa nyumbani alijua nafasi ile ni ya kaburi lake mwenyewe.

Mimi nikataka kuliuza nijenge vyumba vinane kwenye ploti ndogo ya boma letu, barabarani, na uwanja wa kuegesha lori, wa mawe na kokoto, lori tatu zikae bila kuzama mvua ikinyesha.

"Baba Akiru," akaniambia, na Akiru ni binti yetu wa pekee, "hao watakaolala humo ni akina nani?"

"Wageni. Hesabu mirija hapo juu."

"Mirija hailali kitandani."

"Waliahidi."

"Walikuwa na adabu. Nikikupa chai ukasema ni tamu, si utaondoka? Au nikujengee nyumba ndani ya kikombe?"

Nilicheka. Alikuwa na mdomo huyo mwanamke. Nikamwuliza Njoroge pia, maana alikuwa ananijua. Alikuwa amelala chini ya lori lake anafunga nati.

"Mzee, kila safari ni watu wapya. Mimi sijawahi kubeba mtu mara mbili."

"Sawasawa," nikamwambia. "Hao wapya watakuja, na wale wa zamani watakuja juu yao. Vyumba vinane ni vichache."

Akatoka chini ya lori akaniangalia. Akafungua mdomo akaufunga. Nafikiri aliona nimeshaamua. Vijana, mkimwona dereva amenyamaza, simameni. Dereva ndiye anajua idadi ya mwaka ujao. Mgeni anajua ya leo tu, na anakupendeza.

Nikauza. Siku ya kuweka sahihi, mke anatakiwa kukubali. Nabwire aliweka kidole gumba chake. Akaenda shambani, akachimbua mihogo yote, hata ile michanga, akaibeba nyumbani safari saba. Akaanza kukodi shamba Matayos. Nauli kila siku, kuinama kila siku, kwenye ardhi ya mtu.

Vyumba viliisha vizuri. Sitanyenyekea katika hilo, nilijenga bila msaada wa mtu, matofali niliyachoma mwenyewe. Uwanja wa lori ulikuwa mgumu hata jembe lilikuwa linaruka. Mwaka ule ukaja uchaguzi uliomwaga damu. Barabara ya kutoka Nairobi ikawa mawe na matairi yanayowaka. Hakuna lori. Mianzi minne, nyeusi tiii.

Nikasema itapita, na ikapita. Lori zikarudi, moja mahali pa tano. Njoroge akanieleza bila kunionea huruma: "Siku hizi wanaruka, mzee. Anayetaka sokwe anashuka Entebbe au Kigali, anaona sokwe Jumanne, Jumamosi yuko kwao anakula. Nani atakaa lori wiki tatu anakula vumbi?" Wale wachache waliobaki, foleni ya Malaba ikiwa ndefu walipitia Busia. Nilikuwa nasimama barabarani nasubiri vumbi lao, kumbe liko njia nyingine.

Halafu kikajengwa kituo kipya cha mpaka, kile cha kugongewa mihuri ya nchi mbili mahali pamoja. Anayetoka Kenya hashuki tena upande wetu, anapita moja kwa moja anamalizia kila kitu ng'ambo. Siku ya kufungua watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, mjinga mimi. Sikujua kwamba miaka yote ile sikuwa nauza pombe wala utamaduni. Nilikuwa nauza kitu cha kufanya wakati mkubwa ameenda chai. Mkubwa sasa haendi chai. Lori la mwisho nililolijua lilipita mbele ya vyumba vyangu, Njoroge akapiga honi, akanipungia mkono, na hakusimama. Muda wa kusimama haukuwepo.

Lakini hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo nataka mlishike. Wageni hawakuwa wameisha. Walikuwa wamebadilika sura. Desemba zilikuwa zinajaa magari ya Kampala na Kigali, familia nzima, watoto nyuma wametoa vichwa dirishani, wanakwenda Mombasa kuona bahari. Wanaingia Kenya, kwa hiyo wao wanashuka upande wetu! Wengine wanavuka na kitambulisho tu. Vijana wa Nairobi nao wanakwenda Jinja kuruka mtoni, wanarudi na njaa. Nabwire aliwaona. Akaweka meza mbele ya vyumba, mihogo ya kuchemsha, karanga, samaki wa kukaanga. Kina mama wa Kampala wakamwita dada, wakamwuliza binti yetu waliyemwona mwaka jana yuko wapi.

"Hawa ndio wageni," akaniambia. "Huyu wa gari jeupe ni Desemba yake ya nne. Mtengenezee mrija."

"Huyo ni Mganda. Atakuwaje mtalii? Anavuka daraja tu."

"Analala chumbani?"

"Ndiyo."

"Anakula?"

"Ndiyo."

"Anarudi?"

Nilikuwa na mianzi minne na hakuna hata mmoja wenye nafasi ya mgeni mweusi. Piti mmoja alinifumba macho nisione watu mia. Na sikumtengenezea yule bwana mrija. Mwaka uliofuata akalala kwa jirani, maana mimi nilikuwa nimefunga vyumba vitatu nikivitunzia wazungu.

Mihogo ya meza ile ilitoka Matayos. Ingekuwa ekari zetu mbili, angevuka reli tu. Alikuwa anatoka kabla ya jua, anarudi na gunia, anapika, anauza. Miaka hiyo. Kikohozi kikamshika, akasema ni vumbi la barabara. Alipoanza kukonda, ndugu zake wakaja kumchukua, wakampeleka hospitali ya Nangina, karibu na kwao. Walimhudumia vizuri, sina neno nao. Tulikuwa tumechelewa. Nilikaa naye siku ya mwisho, akaniuliza mvua imenyesha Matayos, nikasema imenyesha. Haikuwa imenyesha.

Sasa maiti iko, na mimi sina shamba. Kaka yake mkubwa akaniita kando, chini ya dirisha la wodi. Alikuwa mtu mpole.

"Shemeji, dada yetu utamlaza wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Shamba uliuza."

Akaniwekea mkono begani.

"Kama huna mahali, sisi tunapo. Hatutakucheka."

Mnajua maana ya maneno hayo? Mwanamke aliyeolewa, aliyezaa, miaka zaidi ya thelathini, arudishwe kuzikwa kwa baba yake kama mtu ambaye hakuwahi kuolewa. Nikaenda kwa yule aliyenunua shamba, kumwomba ile nafasi kando ya mama. Alikuwa amejenga ghala la saruji juu yake. Mawe matatu ya mama alikuwa ameyahifadhi, kwa heshima, kwenye kona. Akaniambia pole mzee. Ningemlaumu kwa nini? Nilimwuzia yote.

Basi nikarudi kwenye ploti nikaangalia kila upande. Vyumba, choo, barabara. Palipobaki ni uwanja wa lori. Nikachukua mtaimbo nikaanza mwenyewe. Yale mawe niliyapanga kwa mikono yangu yasizame chini ya lori la watu ishirini, na hayakutaka kutoka. Vijana wa hapo walikuja kunisaidia, mmoja akauliza, "Mzee, nani aliweka hii kitu ngumu hivi?" Nikasema ni mimi. Tulichimba siku mbili. Kaka zake wakaja na jeneza, wakaona shimo katikati ya kokoto, na mkubwa wao akavua kofia. Akiru alikuwa amesimama mlango wa chumba namba nne. Mpaka leo hajaniuliza swali hata moja kuhusu siku ile, na ningependa aniulize.

Jioni nikaingia jikoni kuteremsha mrija wa Nabwire. Nao ulikuwepo, mwanzi wa kwanza, katikati ya wazungu. Nikauvunja kwa goti, kama inavyotakiwa. Ulikuwa ndio pekee unaong'aa.

Corona ilipokuja na kufunga mpaka, watu walilia hapa Malaba. Mimi nilikuwa nimeshafungiwa zamani.

Sitawapa mawaidha marefu. Ukimpokea mgeni, mwangalie anayerudi, sio anayelia akiondoka. Na mtu akikusifia, pokea sifa, jengo liache kwanza.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Vyumba vinane, sita vina wapangaji, makarani wa mizigo na mwalimu mmoja. Vyungu viwili, kimoja kina ufa. Baiskeli. Kuku kumi na mmoja. Spoku aliyoniachia Etyang. Mianzi minne ya mirija ya wageni, imejaa masizi, na sijavunja hata mmoja kwa sababu sijui nani amekufa. Mrija wa baba. Kaburi moja, uwanjani, wapangaji wanaegesha pikipiki kando yake na nimewakataza kuegemea.

Shamba, sina.